Sura ya Nje ya Nyumba ya Polisi na Zimamoto katika Nchi ya Kyela

Leo twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi na wachora ramani peke yao, nalo ni sura ya nje ya nyumba ya usalama. Tuseme mji wa Kyela wakusudia kujenga nyumba moja ya polisi na zimamoto. Kuyaweka majeshi hayo mawili pamoja si ajabu, maana yote yako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Je, kuta zake ziweje, paa liweje, na mlango uelekee wapi?

Yatupasa kwanza kumfikiri yule atakayeijia. Mara nyingi ni mtu mwenye shida: paa lake lawaka moto, au mtoto wake hakurudi kutoka ziwani, naye amekuja mbio usiku. Hana nafasi ya kuizunguka nyumba akitafuta pa kuingilia. Basi mlango wa watu na uelekee barabarani, uwe na baraza mbele yake na taa juu yake, na jina la kituo liandikwe kwa herufi kubwa, pamoja na namba 114 ya kuwaita zimamoto.

Zamani nyumba za serikali zilijengwa kwa nia nyingine. Boma la Mikindani, ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1895, lina mnara na kuta zenye meno juu kama ngome. Leo ni hoteli, na wageni hulifurahia. Lakini lilijengwa ili raia aliyelitazama aone nguvu za watawala. Hatuoni sababu ya kuiga sura hiyo. Mwanamke aliyepigwa, akifika mbele ya ukuta wa namna ile, yamkini atarudi nyumbani na maumivu yake.

Tena meno hayo na kuta nzito juu ya mlango zina hatari. Nchi hii imo ndani ya Bonde la Ufa, na mwezi wa Desemba 2009 matetemeko ya ardhi yalibomoa nyumba nyingi Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. Nyumba ya kuwaokoa watu haifai kuwa ya kwanza kuangusha matofali mbele ya mlango wake.

Wanyakyusa wenyewe walijua kujenga tangu kale. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, alivisifu sana vijiji vyao kwa usafi na uzuri. Kuta zao zilikuwa za mianzi na udongo, nazo ziliegemea nje kidogo, na juu yake paa kubwa la nyasi. Hatusemi kituo kiezekwe kwa nyasi, la hasha! Lakini paa pana lilikuwa na maana, na maana hiyo haijapita. Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Upenu ukitoka nje mita moja na zaidi, ukuta hukaa mkavu, dirisha laweza kuachwa wazi wakati wa mvua, na wanaongoja barazani hawalowi. Paa hilo huleta maji pia: mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 300 hutoa lita 15,000, yaani maji mengi ya kujazia gari la zimamoto, mradi iwepo michirizi na tangi.

Maji ya chini ni shauri jingine. Uwanda huu hupokea mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na masika ikizidi mito hiyo hufurika. Kabla ya kuchagua mahali, wazee wa jirani waulizwe maji yalifika wapi, na sakafu iinuliwe juu ya alama hiyo. Pembeni mwa ngazi pawe na mteremko mpole kwa vikongwe na viti vya magurudumu. Barabara ya kutokea nayo iinuliwe, maana gari lililo salama ndani ya kisiwa halizimi moto wa mtu.

Milango ya magari iwe mbali na mlango wa watu, isipungue mita 4 kwa upana na 4 kwa kimo. Na mbele yake pawe na uwanja wa kulitosha gari zima, ili dereva aone pande zote kabla ya kuingia barabarani.

Rangi haina maneno mengi. Juu iwe nyeupe, maana huonekana usiku na haishiki joto sana. Chini, kimo cha mita moja, iwe nyekundu ya udongo, kwa sababu matone ya mvua yatairusha rangi hiyo ukutani hata tusipoipaka.

Ramani ikiisha kukubaliwa, vipigwe vigingi na kamba kiwanjani, na lori refu lipitishwe mahali pa milango. Kuhamisha kigingi ni kazi ya dakika moja.