Je, Wajua? Kipoza Hewa cha Maji Huweza Kumwaga Maji Mengi Kuliko Kinayotumia

Kipoza hewa cha maji hulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Tangi likikauka jioni, mwenye nyumba husema mashine inakunywa maji. Lakini maji yaliyogeuka mvuke yamefanya kazi. Kila lita inayokauka kwenye pedi yenye maji inayopitishiwa hewa huondoka na joto takriban mara saba ya lile linalohitajika kuifikisha lita hiyo kutoka nyuzi 20 hadi kutokota. Ya kusikitikia ni yale yanayochuruzika kwenye mrija mwembamba wa tangi mchana kutwa, bila kupoza chochote.

Mrija huo una sababu. Maji yakikauka, chumvi na chokaa hubaki. Boya la tangi likishuka, tangi hujazwa tena, chumvi mpya ikaongezeka juu ya ya zamani. Hatimaye pedi hushika ukoko mweupe, hewa haipiti, na bati linaliwa na kutu. Kwa hiyo sharti maji kiasi yamwagwe. Lakini kiasi gani? Ukimwaga lita moja kwa kila lita inayokauka, chumvi ya tangini hufikia maradufu ya ile ya bombani, na haizidi hapo. Ukimwaga theluthi ya lita, hufikia mara nne, na maji yako yakiwa laini, pedi itastahimili. Basi mrija unapaswa kurekebishwa kulingana na maji ya mahali. Wengi huufungua mara moja siku ya kufunga mashine, wasiuguse tena.

Hasara ya kuuacha hivyo ilionekana Phoenix, mji wa jangwani Arizona, Marekani, ambako vipoza hivi hukaa juu ya mapaa. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walivipima: visivyo na mrija wa kumwagia vilitumia takriban lita 13 kwa saa, vyenye mrija, karibu lita 40. Kwa kila lita iliyopoza nyumba, mbili hivi zilimwagwa. Huo ni mji unaotegemea kwa sehemu Mto Colorado, ambao mwaka 2021 ulitangazwa rasmi, kwa mara ya kwanza, kuwa na upungufu. Maji yaliyomwagwa yangeweza kukingwa na kupewa mitende, miti inayovumilia chumvi.

Huku kwetu kuna upotevu wa namna nyingine. Vipoza hivi vinauzwa Dar es Salaam na Mombasa kana kwamba ni viyoyozi vya bei nafuu. Lakini kupoza kwake hutegemea ukavu wa hewa. Hewa ya nyuzi 40 yenye unyevu wa asilimia 10 hushuka hadi 23 hivi. Ya pwani, nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, hushuka hadi 28 tu, na chumba kinajaa unyevu. Hapo maji na umeme vyote vimepotea. Tena tangi lisilosafishwa ni mazalia ya mbu wa dengi.

Penye hewa kavu, teknolojia hii inafaa sana: mabanda ya kuku, vitalu nyumba, karakana, vibanda vya kuta za mkaa vya kuhifadhia mboga. Ila muuzaji anayeandika nguvu ya feni kwenye boksi aandike pia lita zinazomwagwa kwa saa, na mnunuzi asitoe pesa yake kabla hajaziona.