Masoko ya Noeli katika Japani: Sikukuu Isiyo na Msimulizi

Katika nchi ya Japani wakristu ni wachache sana. Ukihesabu watu mia, utapata mkristu mmoja tu, au hata mmoja hatimii. Wakatoliki wa taifa hilo hawafiki nusu milioni, na wakaaji wote wa nchi wanapita milioni 120. Tarehe 25 Desemba kwao si siku ya kupumzika: ofisi ziko wazi, mabenki yanafanya kazi, magari ya moshi yamejaa wafanyakazi kama siku nyingine. Lakini mwezi wa Desemba ukifika, miji yao mikubwa inajaa taa, miti ya Noeli na nyimbo za Noeli, na katika viwanja vyao yanajengwa masoko ya Noeli, nao watu wanayaendea makundi kwa makundi.

Je, watu wasiomjua Kristu wanafurahia nini siku ya kuzaliwa kwake? Tulieleze jambo hili, maana linatugusa sisi tulio na kazi ya kufundisha dini.

1. Soko la Noeli lilitoka wapi?

Desturi hii haikuzaliwa Japani. Ilitoka Ujerumani. Soko la mji wa Dresden, mojawapo ya masoko ya zamani kabisa, lilianza mwaka 1434. Wakati wa Majilio watu walikusanyika mjini kununua nyama, mikate, mishumaa na vitu vya kuchezea watoto.

Vitu vingi vya soko hilo vilipata maana ya dini. Kuna mkate mtamu uitwao Stollen, unaofunikwa na sukari nyeupe. Watu husema kwamba umbo lake ni mfano wa Mtoto Yezu aliyefungwa nguo za kitoto. Tena katika milima ya Erzgebirge, nchi ya wachimba madini, watu walijua kuchonga mbao. Madini yalipopungua, wengi wa kijiji cha Seiffen walitafuta riziki kwa kazi hiyo ya kuchonga. Walitengeneza mnara wa mbao wenye orofa. Chini wanawasha mishumaa. Hewa ya moto inapanda na kuzungusha mapanga ya mbao yaliyo juu, na hapo Maria, Yosefu, wachungaji na Mamajusi wanazunguka pole pole kana kwamba wanaandamana kwenda Betlehemu. Walichonga pia malaika na mchimba madini, kila mmoja ameshika mishumaa mikononi. Wasomaji wetu wa Katanga watafahamu upesi kwa nini mtu anayeshinda katika giza la shimo aliupenda hivyo mwanga wa Noeli.

2. Soko la Yokohama

Sasa tuende Yokohama, mji mkubwa ulio pwani, karibu na Tokyo, wenye watu zaidi ya milioni tatu na nusu. Bandari yake ilifunguliwa kwa meli za wageni mwaka 1859. Kando ya maji zimesimama depo mbili ndefu za matofali mekundu, zilizojengwa na serikali kwa kazi ya duane. Moja ilimalizika mwaka 1911, nyingine mwaka 1913. Siku hizi haziweki tena mizigo ya meli. Mji ulizitengeneza, na mwaka 2002 zikafunguliwa kuwa nyumba za maduka na za maonyesho. Tangu mwaka 2010, katika uwanja ulio kati yake, linafanyika soko la Noeli, kuanzia mwisho wa Novemba hata tarehe 25 Desemba.

Mgeni akiingia huko anakuta vibanda vya mbao vyenye mapaa ya kuchongoka, kama vya Ujerumani, na mti mkubwa wa Noeli uliovikwa taa. Katika vibanda wanauza sosisi za kuchoma, viazi, na divai nyekundu iliyotiwa mdalasini na karafuu, kisha ikapashwa moto, maana baridi ya bahari ni kali. Watoto wanapata shokola ya moto. Watu wanapenda kuichukua nyumbani kopo waliyonywea, iwe ukumbusho wa mwaka ule. Kuna pia nyota, kengele, malaika wa kutundika, na vichongo vya mbao. Jioni ikiingia, taa zinang'aa juu ya matofali mekundu, na watu wanapanga mstari kwa utulivu kungojea zamu yao ya kupigwa picha mbele ya mti.

Yokohama hauko peke yake. Sapporo, mji wa kaskazini wenye theluji nyingi, una soko lake tangu mwaka 2002, kwa sababu ya udugu wake na mji wa München. Tokyo nao, mwaka 2015, ulianzisha soko katika bustani ya Hibiya, na mnara wa mbao wenye urefu wa metri 14 uliletwa huko kutoka Seiffen.

Basi nyota imefika Japani, malaika amefika, hata mnara wa Seiffen umefika. Mambo haya yote yanamwonyesha Mtoto mmoja. Lakini mgeni wa soko anaweza kununua nyota na kurudi kwake bila mtu kumwambia nyota ile iliwaongoza nani, wala kuwafikisha wapi.

3. Kurisumasu

Tuangalie neno lenyewe. Wajapani wengi huiita sikukuu hii "Kurisumasu", neno walilopata kutoka Kiingereza. Lakini jina la Kristu katika kijapani ni "Kirisuto". Kwa hiyo jina la Bwana halisikiki vizuri katika jina la sikukuu yake. Wakatoliki wa huko, katika liturjia, wana jina lingine: "Shu no Gōtan". Shu maana yake ni Bwana. Na gōtan linaandikwa kwa alama mbili, moja ya kushuka, nyingine ya kuzaliwa. Angalieni: neno moja linataja kushuka kwa Mwana wa Mungu na kuzaliwa kwake. Ni katekismu nzima katika maandishi mawili!

Nje ya kanisa, Kurisumasu ina desturi zake. Jamaa wanakula gato nyeupe yenye krema na matunda mekundu yaitwayo freze. Wengi wanakula kuku wa kukaanga, desturi iliyoenezwa na matangazo ya maduka ya Kentucky Fried Chicken tangu mwaka 1974. Nao wanaagiza kuku huyo mbele, wasije wakamkosa. Usiku wa tarehe 24 ni usiku wa wachumba kutembea pamoja. Tarehe 26 taa na miti vinaondolewa, na mapambo ya Mwaka Mpya yanashika mahali pake. Mwaka Mpya ndio sikukuu yao kubwa ya ukoo: watoto wanarudi kwa wazazi, na watu wengi wanakwenda kusali katika mahekalu.

4. Sikukuu iliyokaa gizani

Lakini kuna Noeli nyingine katika Japani, iliyo ya zamani kuliko masoko haya. Mtakatifu Fransisko Saveri alifika katika nchi hiyo mwaka 1549, na katika miaka iliyofuata wengi wakabatizwa. Kisha mateso yakaja. Tarehe 5 Februari 1597 mashahidi 26 waliuawa msalabani katika mji wa Nagasaki. Mwaka 1614 dini ilikatazwa katika nchi nzima. Mapadri walifukuzwa au kuuawa. Kwa miaka zaidi ya 200 wakristu waliobaki hawakuwa na padri, wala Misa, wala kanisa.

Wamisionari waliruhusiwa kurudi kuwatunza wageni tu. Huko Yokohama, mwezi wa Januari 1862, walifungua kanisa la Moyo Mtakatifu wa Yezu. Wajapani walikuja kulitazama na kusikiliza, na wengine wao wakakamatwa kwa sababu hiyo. Leo katika mji uleule maelfu wanaitazama nyota ya Noeli, na hakuna anayewakataza.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 17 Machi 1865, kundi la watu wa kijiji cha Urakami waliingia katika kanisa la Oura, katika mji wa Nagasaki. Walimjulisha Padri Petitjean kwa siri kwamba imani yao na yake ni moja, wakauliza iko wapi sanamu ya Maria Mtakatifu. Walipomwona Bikira amemshika Mtoto mikononi, wakaikumbuka Noeli. Walimweleza padri kwamba wao wanaishika sikukuu ya Bwana Yezu tarehe 25 ya mwezi wa baridi. Kwamba alizaliwa usiku wa manane katika zizi la nyama, akakua katika umaskini, akafa msalabani kwa ajili ya wokovu wetu. Tena walijua kwamba siku ile ilikuwa ndani ya Kwaresima. Na kweli ilikuwa siku ya 17 ya Kwaresima.

Watu hawa waliyajuaje hayo, bila padri? Katika vijiji vyao mtu mmoja alikuwa na kazi ya kutunza kalenda ya sikukuu, mwingine kazi ya kubatiza, mwingine kazi ya kupeleka habari nyumba kwa nyumba. Wazazi waliwasimulia watoto. Hawakuwa na taa hata moja ya Noeli, lakini walikuwa na msimulizi.

5. Mafundisho kwetu

Kwanza, tusiwacheke watu wa Yokohama. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulifundisha, mwaka 1965, kwamba Eklezya haikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini za mataifa. Basi furaha ya soko, zawadi, utulivu wa watu, nazo zinaweza kuwa njia. Mapadri wa Japani wanalifahamu jambo hilo. Usiku wa tarehe 24 wanafungua milango ya makanisa, na wengi wasiobatizwa wanaingia. Wanapewa mshumaa, wanasikia Evanjili ya Betlehemu, pengine mara ya kwanza katika maisha yao. Soko limewaonyesha nyota. Kanisani wanaelezwa maana yake.

Pili, tujitazame wenyewe. Kwetu makanisa yanajaa usiku wa Noeli. Lakini mkristu anayejua nguo mpya, wali na pombe ya sikukuu, asijue kwa nini Mungu alilala katika hori, anapita wapi mgeni wa soko la Yokohama? Yule hakuambiwa. Sisi tumeambiwa, na pengine tumenyamaza.

Kwa hiyo, ndugu katekista, usingoje tarehe 24. Katika juma nne za Majilio, chukua kitu kimoja kimoja: mshumaa, nyota, hori, wachungaji. Waulize watoto maana yake, kisha uwaeleze, nao wakawaeleze wadogo zao nyumbani. Na wewe mseminari, unapokwenda kwenu wakati wa likizo, usione haya kuketi jioni kati ya jamaa na kuwasimulia Betlehemu tangu mwanzo hata mwisho, kwa lugha yao. Wakristu wa Urakami hawakupokea kitu kingine kutoka kwa wazee wao, nacho kiliwatosha kwa miaka mia mbili.