Je, mboji ya Kariakoo yaweza kufufua malisho yaliyokauka?

Jijini Dar es Salaam, kuanzia Soko la Samaki la Feri, Kivukoni, hadi Kariakoo, taka nyingi za sokoni ni za kuoza: majani ya mgomba, kabichi, maganda ya nanasi. Zikifukiwa dampo la Pugu Kinyamwezi bila hewa, hutoa gesi ya methane inayoongeza joto duniani. Zikiozeshwa vizuri huwa mboji, kama inavyofanyika Mabwepande, Kinondoni, kwenye kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani.

Kazi hiyo hufanywa na bakteria na kuvu. Mboga mbichi huwapa naitrojeni, maranda na mabua huwapa kaboni. Rundo likigeuzwa ili lipate hewa, na fukuto likafika nyuzijoto 55 hadi 65, vimelea vingi vya magonjwa na mbegu za magugu hufa. Unyevu hupimwa kwa mkono: kamua konzi moja, ishikane bila kuchuruzika maji.

Malisho yaliyochoka, kama ya Dodoma, hufanya gamba gumu juu ya udongo. Mvua ikinyesha, maji hukimbilia korongoni. Mboji hushikamanisha chembe za udongo, ikaacha nafasi za maji kupenya. Huko California, Marekani, watafiti walitandaza mboji ya unene wa takribani sentimita 1.3 kwenye malisho mara moja tu, mwaka 2008. Majani yaliongezeka kwa miaka iliyofuata.

Lakini piga hesabu. Unene huo ni meta za ujazo 130 kwa hekta moja. Kuzisomba kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, takribani kilomita 450, hakulipi.

Kinachofaa kusafiri ni ujuzi. Samadi imejaa mazizini. Ichanganywe na mabua, iozeshwe hukohuko, kisha iwekwe palipokusanya maji, kama makinga maji ya nusu duara yanayochimbwa Kajiado, Kenya. Na malisho yapumzike: mradi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulifufua ngitili, yaani desturi ya kutenga maeneo yasilishwe hadi kiangazi. Mboji bila mapumziko ni kazi bure.

Mboji ya Kariakoo iende kwenye bustani za jirani, Kisarawe na Bagamoyo. Nawe mfanyabiashara wa sokoni, tenga plastiki, vioo na betri kabla taka hazijapakiwa. Vikishachanganyika, mboji hiyo haifai shambani wala malishoni.