Majina ya Watu Yaliyogeuzwa Sifa

Lugha ya Kiingereza ina desturi ya kulitwaa jina la ukoo wa mtu, kulitia kiambishi mwishoni, na kulifanya kivumishi. Kiambishi "-ian" asili yake ni Kilatini. "-Esque" kimepitia Kifaransa kutoka Kitaliano. Sisi twatumia "ki-", lakini aghalabu kwa mataifa na makabila, kama vazi la Kihindi au mlango wa Kiarabu. Ni nadra mtu mmoja kupewa heshima hiyo. Na Waingereza nao hutaabika. Jina la Bernard Shaw, mtunzi wa tamthilia, lilipokataa kiambishi liligeuzwa kwanza la Kilatini, Shavius, ndipo ikapatikana "Shavian".

Hilo halina madhara. Linalotushughulisha ni dhuluma wanayofanyiwa baadhi ya wenye majina. Neno "Orwellian" hutajwa kila palipo na serikali inayowapeleleza raia wake na kuuita uongo kweli. Alisikiaye bila ya kusoma atadhani Orwell alikuwa dhalimu. Kumbe mtu huyo, aliyezaliwa Motihari, India, mwaka 1903 kwa jina la Eric Blair, na akawa polisi wa kikoloni huko Burma hadi mwaka 1927, aliyapinga hayo kwa kalamu yake. Hata hilo Orwell si jina la ukoo wake; alijichagulia mwenyewe. Mwaka 1946 aliandika insha ya kuwakemea wanasiasa wanaoficha maana ndani ya maneno mazito. Sisi tuandikao nyaraka na hotuba ingetufaa kuisoma.

Kisha kuna "Kafkaesque". Afisa anayeambiwa kuwa idara yake ina sifa hiyo asidhani ametukanwa kwa lugha ya kigeni tu: ameambiwa kwamba mwananchi huzungushwa mlango hadi mlango bila ya kuelezwa kosa lake, kama Josef K. wa riwaya ya Franz Kafka, aliyekamatwa asubuhi moja na asijue ameshtakiwa nini. Lakini Kafka mwenyewe alikuwa mwanasheria na mtumishi wa ofisi. Tangu mwaka 1908 hadi 1922 alifanya kazi Prague katika shirika la bima ya ajali za wafanyakazi, na mwaka 1910 aliandika jinsi ya kuwakinga mafundi wasikatwe vidole na mashine za kuranda mbao. Alifariki mwaka 1924. Riwaya ilitoka mwaka uliofuata.