Mkono Chini ya Kitambaa

Katika masoko ya mifugo ya Wasomali utawaona wanaume wawili wameshikana mikono, na kitambaa kimetandazwa juu yake. Hawatamki bei. Vidole ndivyo vinavyosema: kimoja kikibanwa, viwili vikibanwa, bei inapanda na kushuka humo chini bila jirani kujua. Baina ya muuzaji na mnunuzi yupo dilaal. Neno hilo na dalali letu ni ndugu, yote yametoka kwa Waarabu.

Mfugaji ameswaga ng'ombe kutoka Balambala, kandokando ya Tana, hadi mjini Garissa. Mnunuzi ametoka Nairobi. Hawajuani, na mnunuzi anaogopa kununua mnyama wa wizi. Dilaal anamjua muuzaji, anaujua ukoo wake, anaijua chapa iliyo ubavuni mwa ng'ombe. Anaweka jina lake rehani. Wizi ukigundulika kesho, ataulizwa yeye.

Vijana wenye vipaji hunijia na wazo moja: programu ya simu itakayomwondoa dalali, mfugaji auze moja kwa moja. Nawaelewa, maana ada ya dalali humuuma mfugaji. Lakini wameiona ada, hawajauona udhamini. Ukimwondoa mtu huyu bila kuubeba mzigo wake, umejenga duka lisilo na mwenyewe.

Tena dalali haleti udhamini tu, huleta na habari. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alichapisha utafiti kuhusu watu waliopata kazi kupitia kwa mtu wanayemjua. Ni asilimia 16.7 tu waliosaidiwa na mtu wanayeonana naye mara kwa mara. Wengi walisaidiwa na watu wa mbali. Jamaa zako wanajua unayoyajua wewe, habari mpya huletwa na wa nje. Ukoo hukupa imani, ila bei ya nyama Nairobi hauijui. Nguvu ya dilaal ni kwamba ana mguu huku na mguu kule.

Ubunifu unaweza kumbakiza mtu wa kati. M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilipojaribiwa mwaka 2005, ilikusudiwa wakopaji wadogo walipie mikopo yao. Watu wakaitumia kutumiana pesa. Walioibuni wakasoma matumizi hayo, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa wito wa kutuma pesa nyumbani. Ilifanya kazi kwenye simu ya mulika mwizi, na pesa zilipokelewa kwa wakala, mara nyingi muuza duka ambaye mtaa mzima unamjua. Ubunifu uliofuata nyayo za watu, huo ndio ninaoupenda.

Kaskazini huku mfano ulio karibu zaidi ni bima ya mifugo. Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango, fidia hulipwa bila mtu kuhesabu mizoga. Ilianzia Marsabit mwaka 2010. Kwa Waislamu wengi bima ya kawaida ina riba na bahati nasibu ndani yake, kwa hiyo mwaka 2013 kampuni ya Takaful iliingia Wajir na mpango unaofuata sharia, wa watu kuchangiana. Fidia yake ya kwanza ikalipwa Machi 2014. Teknolojia ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mkataba, nao ukafungua mlango.

Hata hivyo ukijani una kasoro yake. Mti wa mathenge hubaki kijani wakati nyasi zimekwisha, na kipimo cha ukijani peke yake hakitofautishi mti huo na malisho. Mchungaji anayelitambua jani kwa mbali angeliona hilo siku ya kwanza, lau angeitwa mezani mapema.

Basi kijana wa Balambala, anza na simu ya dilaal mwenyewe. Aipige picha chapa ya mnyama, aandike jina la muuzaji na bei, alipwe ada iliyo wazi ambayo pande zote mbili zinaiona. Na mnyama akitiliwa shaka wiki tatu baadaye kule Nairobi, mnunuzi awe na namba ya kupiga, na anayepokea awe mtu anayemjua mwenye ng'ombe.