Yatima Mwenye Mama

Makao ya watoto huitwa ya yatima, lakini sehemu kubwa ya watoto wanaolelewa humo duniani wana mzazi aliye hai, wengine wote wawili. Wamefikishwa pale na umaskini, ugonjwa, au baba aliyetoweka. Mama akipata nauli huja kuwaona.

Hapo ndipo biashara ya kuasili kwenda ng'ambo ilipopata upenyo. Chukua Uganda. Sheria ilimtaka mgeni aishi nchini miaka 3 kabla ya kuasili. Nani asubiri? Mawakili wakawa wanaiomba Mahakama Kuu impe mgeni ulezi wa kisheria tu. Mtoto akapanda ndege, akaasiliwa hukohuko Marekani. Kijijini, mzazi aliweka dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza akiamini mwanawe anakwenda kusoma na atarudi. Hakuwa mjinga. Kwetu mtoto hupelekwa kwa shangazi mjini, akasomeshwa, na bado ni wa mama yake. Kuasili kwa sheria za Magharibi hukata undugu: mtoto hupata wazazi wapya na jina jipya, na kwa kawaida wa zamani hawana haki hata ya kupigiwa simu.

Mwaka 2016 Uganda iliziba upenyo huo, ulezi ukabaki kwa raia pekee. Mwaka 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na wakili mmoja, ikiwatuhumu kushiriki mpango wa kuwachukua watoto kwa wazazi kwa hila.

Mkataba wa The Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi unataka familia za nchini zifikiriwe kwanza, na ridhaa ya mzazi isinunuliwe. Ni masharti mazuri, ila panapolipwa maelfu ya dola kwa mtoto mmoja, "yatima" hawakosekani. Kenya ilisitisha kuasiliwa kwa watoto na wageni mwaka 2014, Ethiopia ikapiga marufuku 2018, China ikafunga 2024. Naziunga mkono nchi hizi, ingawa najua anayeumia: mtoto aliyetelekezwa kweli, hasa mwenye ulemavu, ambaye majirani hawamtaki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kuasili, hata hapa nyumbani, usianze na makao ya watoto. Anza na afisa ustawi wa jamii, umuulize: nani alimleta mtoto huyu, ndugu gani walitafutwa, na taarifa ya uchunguzi iko wapi? Akikosa majibu, usisaini.