Je, Wajua? Pori la Kamina na udugu wake na misonobari ya Ulaya

Je, wajua kwamba pori la Kamina, huku Katanga, na misitu ya misonobari ya Ulaya hujilisha kwa mbinu ileile, ingawa miti yake ina ukoo wa mbali sana? Jibu limo udongoni. Mizizi myembamba ya msonobari huvikwa utando wa kuvu. Kuvu hutafuta maji, fosforasi na nitrojeni na kuupa mti, nao mti hulipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani. Mjerumani Albert Bernhard Frank aliupa ushirika huo jina la mikoriza mwaka 1885. Pori la Kamina ni miombo, na miti yake mikuu, yaani Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia, huishi hivyohivyo.

Je, wajua kwamba miti hiyo ya miombo ni ya jamii ya kunde, lakini haina vinundu vya nitrojeni mizizini kama karanga au maharage? Kazi ya kuitafuta nitrojeni udongoni imeachiwa kuvu.

Na uyoga je? Mvua za Novemba zikishashika, kuvu hizohizo huchomoza juu. Uyoga wa manjano wa jenasi ya Cantharellus, ambao hapa tunaula na bukari (ugali), una ndugu yake Ulaya, Cantharellus cibarius, anayeokotwa chini ya misonobari na kuuzwa kwa bei ya kuheshimika. Ukikata mti, umekata na uyoga: bila mizizi hai ya kuulisha, hautoki. Mama anayeuza uyoga kando ya barabara analijua hilo bila kumsoma Frank.

Je, wajua kwamba misonobari ilipoletwa Afrika, miche ilidumaa vitaluni hadi wapandaji walipoichanganyia udongo uliotoka chini ya misonobari iliyokwisha kukomaa? Mti ulikuwa umesafiri bila kuvu yake. Leo Pinus patula, mzaliwa wa Mexico, hujaza mashamba makubwa ya Sao Hill kule Mufindi, Tanzania.

Msonobari hushika sindano zake kwa miaka kadhaa. Mti wa miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kisha hufanya jambo ambalo mgeni haliamini: mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa kavu kabisa, huchipua majani mapya mekundu kabla ya tone la kwanza la mvua. Mizizi mirefu na maji yaliyohifadhiwa shinani ndiyo yanayouwezesha.

Je, wajua kwa nini pori hulia "pa! pa!" mchana wa kiangazi? Ni maganda ya mbegu yanayojipasua kwa nguvu na kuzirusha. Hazifiki mbali, mita chache tu, wakati mbegu ya msonobari ina ubawa na hupeperushwa na upepo. Kwa hiyo shamba kubwa lililosafishwa halirudi kuwa miombo upesi kwa njia ya mbegu.

Sasa vichuguu, na hapa Ulaya haina la kujibu. Mchwa Macrotermes falciger hujenga vilima vinavyopita mita 5 kwa kimo, na vitako vyake hufikia kama mita 15 kwa upana. Watafiti walipopima umri wa vichuguu vya miombo ya Katanga kwa kaboni, kimojawapo, kilichokwisha kuhamwa, kilionekana kuwa na zaidi ya miaka 2,000. Kilikuwapo, basi, kabla ya falme za Waluba. Ndani ya vichuguu vilivyo hai mchwa hulima kuvu yao wenyewe, Termitomyces, na spishi moja, T. titanicus, hutoa uyoga wenye kofia inayokaribia mita moja kwa upana. Sisi huchimba vichuguu hivyo kwa ajili ya matofali. Udongo ni mzuri, sikatai, ila sidhani kama kuna tofali jingine duniani lenye historia ndefu hivyo.

Je, wajua kwamba mdudu mmoja huwaliza Wazungu na mwingine hutushibisha? Ips typographus, mdudu wa milimita 5 hivi, hutoboa magome ya sprusi, mti wa Ulaya wa ukoo mmoja na msonobari. Baada ya ukame wa mwaka 2018 aliangamiza misitu mipana ya Ujerumani na Ucheki. Huku kwetu viwavi humaliza majani ya Julbernardia, mti huchipua tena, na viwavi huishia kwenye sufuria.

Moto? Huko Ndola, Zambia, viwanja vya majaribio vilianzishwa miaka ya 1930. Vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti yake, vilivyochomwa mapema viliihifadhi, na vilivyokingwa kabisa vilianza kusogea kuelekea msitu mzito usiopukutisha majani, ule ambao Katanga huitwa muhulu.

Je, wajua kwamba kisiki cha sprusi hakichipui? Mti ukikatwa, umekwisha. Kisiki cha miombo huchipua, hata baada ya mti wake kugeuzwa makaa ya kupikia na kupakiwa garimoshini kwenye njia panda ya reli ya Kamina. Huchipua mradi jembe lisikiguse wala moto wa Oktoba usikikute kila mwaka. Palipojengwa tanuru la makaa ni habari nyingine: joto huunguza udongo pamoja na mizizi, na doa lile hubaki tupu kwa miaka wakati miti ya pembeni imekwisha kumpita mtu kimo.